Rafu, Jina na Shina la Neno: Uhakiki wa Katalogi ya Maktaba ya Chuo Kikuu kama Matini Isomwayo na Mwanafunzi Mpya wa Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki katalogi ya maktaba ya chuo kikuu kama matini yenye mtunzi, msimbo na msomaji aliyekusudiwa. Mwanafunzi mpya wa fasihi ya Kiswahili ndiye msomaji anayechukuliwa kuwa kipimo cha matini hiyo. Uchambuzi unajikita katika mambo manne: mpangilio wa vitabu rafuni, namna majina ya waandishi yanavyoorodheshwa, namna kitafutio cha kompyuta kinavyoshughulikia umbo la neno la Kiswahili, na huduma zinazofunguliwa kwa nywila ya chuo. Hoja kuu ni kwamba baadhi ya yale yanayoitwa mapengo ya utafiti katika tasnifu za Kiswahili ni mapengo ya katalogi, na kwamba mtahini asiyelitambua jambo hilo huweza kuyapitisha kama maarifa.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza masomo ya fasihi ya Kiswahili katika chuo kikuu hupewa, kwa kawaida, vitu vitatu ndani ya juma moja: kitambulisho cha kuazimia vitabu, nywila ya kuingilia katika kompyuta za chuo, na ziara fupi ya maktaba. Katika ziara hiyo mkutubi humwonesha meza ya kuazimia, chumba cha kompyuta, mahali pa kurudufia na rafu za vitabu vya akiba. Huambiwa idadi ya vitabu anavyoweza kuchukua na adhabu ya kuvichelewesha. Mara chache huambiwa kwa nini kitabu fulani kimewekwa pale kilipo na si mahali pengine.

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito wa kitaaluma. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyofunguliwa Mlimani mwaka 2018 ilijengwa iweze kuhifadhi vitabu 800,000 na kupokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Katika hazina ya ukubwa huo hakuna anayeweza kupata kitabu kwa kutembea tu na kutazama. Kila msomaji hupita kwanza katika maandishi mengine, yaani katalogi, kabla ya kuyafikia maandishi anayoyataka. Kwa hiyo katalogi ndiyo matini ya kwanza ambayo mwanafunzi wa fasihi huisoma chuoni, naye huisoma bila kufundishwa kuihakiki.

Matokeo ya usomaji huo huonekana miaka michache baadaye. Katika sura za mwanzo za tasnifu nyingi hupatikana tamko kwamba mada husika haijashughulikiwa na mtafiti yeyote, au imeguswa kidogo tu. Tamko hilo ndilo linalohalalisha utafiti mzima. Nalo husimama juu ya kitendo kimoja ambacho hakielezwi kwa kina, yaani kutafuta. Ikiwa kutafuta kwenyewe kulikuwa na dosari, pengo lililotangazwa linaweza kuwa ni giza la mtafutaji, wala si upungufu wa taaluma.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na mihimili miwili. Wa kwanza ni nadharia ya upokezi, hasa dhana ya msomaji aliyedokezwa ambayo Wolfgang Iser aliiendeleza katika kitabu chake cha mwaka 1972. Kwa mujibu wa dhana hiyo, kila matini hubeba ndani yake sura ya msomaji inayemtarajia: maarifa yake, lugha yake na hatua atakazozichukua ili maana ikamilike. Msomaji halisi anapotofautiana na msomaji huyo, matini humkataa au humpotosha. Dhana hii imezoeleka katika uhakiki wa riwaya na ushairi. Hakuna sababu ya kuizuia isitumike katika matini ya kikazi kama katalogi, ambayo nayo imetungwa na watu, kwa lugha maalumu, kwa ajili ya wasomaji fulani.

Mhimili wa pili ni kanuni tano za ukutubi alizoziweka S. R. Ranganathan wa India mwaka 1931. Kwa muhtasari, kanuni hizo zinasema kuwa vitabu ni vya kutumiwa. Kila msomaji ana kitabu chake. Kila kitabu kina msomaji wake. Muda wa msomaji uokolewe. Na maktaba ni kiumbe kinachokua. Kanuni ya pili na ya tatu ndizo zinazotumika hapa kama vigezo. Kitabu ambacho msomaji wake hawezi kukifikia kimekosa nusu ya uhai wake, hata kama kimehifadhiwa vizuri na vumbi lake hufutwa kila siku.

3.0 Rafu: Fasihi Moja katika Nyumba Nyingi

Maktaba za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kwa kawaida hufuata mmojawapo wa mifumo miwili ya uainishaji: ule wa Melvil Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, au ule wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Yote miwili ilibuniwa Marekani, kwa mkusanyiko wa vitabu vya huko.

Katika mfumo wa Dewey, fasihi yote imewekwa katika mia ya nane. Mafungu ya 810 hadi 880 yamegawiwa fasihi za Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Italia, Hispania, Kilatini na Kigiriki, pamoja na lugha zilizo jirani nazo. Fungu la 890 limeachiwa lugha nyingine zote za dunia. Humo ndimo zilimo fasihi za Kiarabu, Kichina, Kirusi na Kihindi, na humo, chini ya 896, ndimo zilimo fasihi za Afrika. Fasihi ya Kiswahili hupewa namba 896.392. Katika mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, Kiswahili kimo katika kundi la PL pamoja na lugha za Asia Mashariki na Oceania, katika namba PL8701 hadi PL8704.

Urefu wa namba si jambo la kuudhi peke yake. Mwanafunzi huzoea namba kama anavyozoea njia ya kwenda bwenini. Tatizo la kihakiki ni kwamba mfumo huu huigawanya fasihi ya Kiswahili kwa misingi ambayo taaluma ya fasihi ya Kiswahili haiikubali. Mifano mitatu inatosha kulibainisha hilo.

Mfano wa kwanza ni fasihi simulizi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kuwa fasihi simulizi na fasihi andishi ni tanzu mbili za fasihi moja. Akienda rafuni, Dewey anamwambia vingine. Ngano zimo katika 398.2, vitendawili katika 398.6 na methali katika 398.9. Namba hizo zote zimo ndani ya mia ya tatu, yaani sayansi ya jamii, katika fungu la mila na desturi. Kwa hiyo mkusanyiko wa methali za Waswahili unakaa jirani na vitabu vya adabu za mezani na mavazi, mbali na rafu ya 896.392 ambako diwani zinazozitumia methali hizo zimewekwa. Mfumo umekwisha kutoa hukumu ambayo wahakiki wa fasihi simulizi wamekuwa wakiipinga kwa miongo mingi, kwamba simulizi ni mila na andiko ni sanaa. Mwanafunzi huimeza hukumu hiyo kwa miguu yake, kwa kupanda ngazi kutoka ghorofa moja hadi nyingine.

Mfano wa pili ni tafsiri. Kanuni ya uainishaji huweka tafsiri ya kazi ya fasihi pamoja na lugha ya kazi asilia. Kwa sababu hiyo, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, tafsiri za Julius Nyerere zilizochapishwa mwaka 1969, mahali pake ni katika 822.33, namba aliyotengewa Shakespeare. Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa mwaka 2022, hufuata riwaya ya Kiingereza katika 823. Hapa pana kinaya kinachostahili kutazamwa. Gurnah na Adam Shafi wote ni wana wa Zanzibar. Kasri ya Mwinyi Fuad iko katika rafu ya Kiswahili. Peponi, ambayo nayo imeandikwa kwa Kiswahili na inasimulia maisha ya pwani na bara ya Afrika Mashariki, iko katika rafu ya Kiingereza. Mwanafunzi anayetaka kulinganisha namna Kiswahili cha riwaya kinavyoisawiri historia ya eneo hili ataikuta moja na kuikosa nyingine. Vivyo hivyo, mwanafunzi anayechunguza mchango wa Nyerere katika lugha ya tamthilia hataona chochote cha Nyerere mtafsiri katika 896.392, na huenda akaandika kuwa mchango huo haupo.

Mfano wa tatu ni utenzi wa kihistoria. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, uliochapishwa mwaka 1955, ni ushahidi wa mwenyeji kuhusu upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliochapishwa mwaka 1957, ni shairi na pia ni kumbukumbu ya vita vya 1905 hadi 1907. Kwa kuwa ni tungo za kishairi, huwekwa katika fasihi. Mwanafunzi wa historia anayepekua rafu ya 967.8, ambayo ni ya historia ya Tanzania, hazioni. Jamii iliyozitunga haikuwa na ukuta huo baina ya shairi na tarikh. Ukuta umejengwa na namba.

4.0 Jina: Baba Aliyegeuzwa Ukoo

Baada ya rafu, mlango wa pili ni jina la mwandishi. Kanuni ya kuorodhesha waandishi kwa jina la mwisho inatokana na jamii ambamo jina la mwisho ni la ukoo. Katika majina mengi ya Waswahili, jina la pili ni la baba na la tatu ni la babu. Aliyeandika Kusadikika aliitwa Shaaban, naye alikuwa mwana wa Robert. Katika orodha za marejeleo hupatikana akiwa Robert, Shaaban. Kwingine ni Shaaban Robert bila kugeuzwa. Kwingine tena ni Shaaban bin Robert. Mhakiki mzoefu huyajua maumbo yote matatu na kuyatafuta yote. Mwanafunzi mpya huandika moja, hupata sehemu ya kazi, na kuamini kuwa amepata zote.

Ugumu huzidi pale majina yanapofanana. Mohamed Said Abdulla ndiye mtunzi wa Mzimu wa Watu wa Kale. Mohamed Suleiman Mohamed ndiye mtunzi wa Kiu na Nyota ya Rehema. Said Ahmed Mohamed ndiye mtunzi wa Utengano. Wote watatu ni wa Zanzibar na wote wameandika riwaya. Kanuni ya jina la mwisho humtenga wa kwanza katika herufi A na kuwabana wawili wa mwisho chini ya Mohamed. Mtu akipunguza majina ya kati na ya kwanza kuwa herufi tu, kama marejeleo yanavyodai, hatua moja ya uzembe inatosha kumpa mmoja kazi ya mwenzake.

Kisa cha Said Ahmed Mohamed kina fundisho zaidi. Mtunzi huyo wa riwaya, tamthilia na mashairi ndiye pia msomi aliyechapisha makala ya uhakiki kwa jina la Said A. M. Khamis. Katalogi isiyounganisha majina hayo mawili humwonesha mwanafunzi watu wawili: mtunzi aliye chini ya M na mhakiki aliye chini ya K. Mwanafunzi anaweza kuandika tasnifu nzima kuhusu riwaya za wa kwanza huku akimtaja wa pili kama sauti huru ya kitaaluma, bila kujua kuwa anamnukuu mtunzi juu ya sanaa yake mwenyewe. Kosa hilo si la tahajia. Linabadilisha uzito wa ushahidi, kwa maana kauli ya mhakiki huru na kauli ya mtunzi anayejitetea au kujifafanua hazipimwi kwa mizani moja.

Tahajia nazo zina sehemu yake. Mohamed, Mohammed na Muhammad. Inkishafi na Al-Inkishafi. Utendi na utenzi: kila jozi inawakilisha historia halisi ya lahaja, ya hati ya Kiarabu na ya usanifishaji. Mswada ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu hauna tahajia ya Kilatini mpaka mhariri aipe. Katalogi ya J. W. T. Allen ya mwaka 1970, inayohusu miswada ya Kiswahili na Kiarabu na kanda zilizohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, bado ni mfano wa kazi iliyotambua kuwa kuorodhesha utungo wa Kiswahili ni kitendo cha uhariri. Kuingiza jina katika kompyuta hakukupunguza uzito wa kitendo hicho. Kumekificha tu.

5.0 Shina la Neno: Nyota Isiyoangaza Mbele

Mwanafunzi wa leo huanza katika kisanduku cha kutafutia. Humo, matatizo ya rafu na jina hukutana na tatizo la tatu, ambalo ni la kiisimu na ambalo halijapewa nafasi inayostahili katika mijadala ya wahakiki.

Programu za kutafutia zilizoenea ziliundwa kwa lugha ambazo maneno yake hubadilika mwishoni. Katika lugha hizo, msomaji akiandika mwanzo wa neno na kuweka alama ya nyota, hupata umoja, wingi na vinyambuo vyake kwa mkupuo mmoja. Aidha, baadhi ya programu hukata viambishi tamati zenyewe, bila msomaji kuagiza. Kiswahili hubadilika mbele. Shairi na mashairi, mshairi na washairi, pamoja na ushairi ni maneno ya shina moja, lakini katika orodha ya alfabeti yamesambaa katika S, M, W na U. Mhusika na wahusika hayakutani. Utenzi na tenzi hayakutani. Wimbo na nyimbo hayana hata herufi moja ya mwanzo inayofanana. Alama ya nyota ikiwekwa mwishoni mwa neno la Kiswahili haiyakusanyi maumbo hayo, na programu nyingi haziruhusu iwekwe mwanzoni, kwa sababu faharasa zake zimepangwa kuanzia herufi ya kwanza.

Matokeo yake yanaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Mwanafunzi anayechunguza usawiri wa mwanamke katika riwaya huandika neno mwanamke. Kitafutio kinachosoma vichwa vya tasnifu kinamletea zile zenye umbo hilo tu. Zenye wanawake hazimo. Zenye jinsia hazimo. Nadharia iliyotumika nayo huitwa ufeministi katika tasnifu moja na ufeminia katika nyingine, na zote mbili zimo nje ya utafutaji wake. Anabaki na orodha fupi. Orodha hiyo inaingia katika mapitio ya maandiko, na mwisho wake kunaandikwa kuwa mada haijatafitiwa vya kutosha. Kila hatua ilifanywa kwa uaminifu, na hitimisho si kweli.

Lugha yenyewe ya mada huongeza umbali. Vichwa vya mada vinavyotumika katika katalogi kwa kawaida vimeandikwa kwa Kiingereza, navyo huanza na jina la lugha lisilo na kiambishi ki-. Msomaji anayeandika Kiswahili na anayeandika Swahili hawapati orodha moja. Kwa hiyo msomaji aliyedokezwa na katalogi, kwa maana ya Iser, ni mtu anayeifikiria fasihi ya Kiswahili kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyefundishwa fasihi hiyo kwa Kiswahili, akaisoma kwa Kiswahili na kutarajiwa kuiandikia tasnifu kwa Kiswahili, si msomaji huyo. Anatakiwa ajitafsiri kwanza ndipo aruhusiwe kuuliza.

6.0 Nywila na Kilicho Nyuma Yake

Nywila ya chuo hutolewa kama ufunguo wa maarifa. Kwa mwanafunzi wa masafa, umuhimu wake ni mkubwa zaidi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kina wanafunzi waliotawanyika mikoani, na kwa wengi wao maktaba ni simu ya mkononi na kifurushi cha intaneti. Kwao, ziara ya maktaba ni ukurasa wa maelezo, na mkutubi ni barua pepe.

Hata hivyo, inafaa kuuliza ufunguo huo unafungua nini kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Kanzidata za majarida zinazolipiwa na vyuo zimejengwa, kwa kiasi kikubwa, juu ya majarida ya Kiingereza. Kwa upande mwingine, jarida la Swahili Forum, lililoanza kutoka mwaka 1994 na ambalo huchapisha makala ya Kiswahili pia, husomwa mtandaoni bila nywila yoyote. Hazina huria za tasnifu za vyuo vikuu nazo ziko wazi. Mwanafunzi anayefundishwa kuwa maarifa bora ni yale yaliyofungwa kwa nywila anaweza kuvipita vyanzo vilivyo karibu naye zaidi, kwa kudhani kuwa kilicho wazi ni duni.

Uwazi huo nao una masharti yake. Hazina nyingi za tasnifu zinaendeshwa kwa programu ya DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. Kila tasnifu inayopakiwa huambatana na maelezo yaliyopangwa kwa vipengele: kichwa, mwandishi, tarehe, mada, ikisiri, lugha. Vipengele hivyo vina asili yake katika orodha ya Dublin Core ya miaka ya 1990. Yeyote anayevijaza ndiye anayeamua iwapo tasnifu itaonekana. Ikiwa kipengele cha lugha kimeachwa kama programu ilivyokiweka, kwa Kiingereza, tasnifu ya Kiswahili haitajitokeza kwa msomaji anayechuja kwa lugha. Ikiwa maneno makuu ni mawili tu na yote yako katika umbo la wingi, atakayetafuta kwa umoja hataifikia. Ikiwa ikisiri ya Kiswahili imeachwa na ya Kiingereza pekee kuingizwa, kitafutio kitaisoma tasnifu hiyo kwa lugha isiyokuwa yake.

Hapa mzunguko unakamilika. Mwanafunzi mpya aliyeshindwa kupata kazi za waliomtangulia ndiye, baada ya miaka miwili au mitatu, anayejaza maelezo ya tasnifu yake. Asipofundishwa, humfichia anayekuja kama alivyofichiwa yeye.

7.0 Hoja za Upande wa Pili

Uhakiki wa haki hauna budi kuzipima hoja zinazopinga. Hoja ya kwanza ni kwamba mifumo ya pamoja ina faida. Ofisi ya Maktaba ya Bunge la Marekani iliyoko Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1966, imekusanya machapisho ya Afrika Mashariki, yakiwamo ya Kiswahili, na kuyaorodhesha kwa viwango vinavyoeleweka duniani kote. Mtafiti aliye Bayreuth au Osaka anaweza kujua kitabu kilichochapishwa Dar es Salaam kwa sababu kina namba na kichwa cha mada kinachofanana kila mahali. Kuivunja lugha hiyo ya pamoja kungekuwa hasara kwa fasihi ya Kiswahili yenyewe. Hoja hii ina nguvu, nayo inazuia pendekezo la kuunda mfumo wa peke yake.

Hoja ya pili inasema kuwa kujifunza kutafuta ni wajibu wa mwanafunzi. Msomi hujulikana kwa ustahimilivu wake mbele ya orodha ngumu. Hili nalo ni kweli, lakini kwa sehemu. Ustahimilivu hauwezi kumsaidia mtu asiyejua kuwa kuna kitu alichokikosa. Katalogi inapoleta matokeo machache, haitoi ishara kuwa mengine yamefichika nyuma ya kiambishi. Hunyamaza, na ukimya huo husomwa kama jibu.

Hoja ya tatu ni gharama. Kupanga upya rafu za maktaba nzima hakuwezekani, na pengine hakuna haja. Kitabu kina mahali pamoja rafuni, lakini kinaweza kuwa na milango mingi katika katalogi. Peponi inaweza kubaki katika 823 na wakati huohuo kupewa kichwa cha mada kinachoifikisha kwa anayetafuta riwaya kwa Kiswahili. Utenzi wa Maji-Maji unaweza kubaki katika fasihi na kupata rejea ya historia. Hata kanuni za Dewey zinaziruhusu maktaba kuipa fasihi ya mahali nafasi ya mbele badala ya kuiacha katika 890. Kwa hiyo mifumo yenyewe imeacha nafasi ya marekebisho. Kinachobaki ni wahakiki na wakutubi kukubaliana namna ya kuitumia.

8.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonesha kuwa katalogi humwelekeza mwanafunzi mpya kwa namna inayogawa fasihi simulizi na andishi, inayoitoa tafsiri katika fasihi ya lugha yake, inayomgeuza baba kuwa ukoo, na inayotawanya maneno ya shina moja katika herufi tofauti. Hakuna hata kimoja kati ya vitendo hivyo kilichokusudiwa kuidhuru fasihi ya Kiswahili. Kila kimoja ni matokeo ya kumkusudia msomaji mwingine.

Mambo matatu yanafuata kutokana na hayo. Kwanza, ziara ya maktaba kwa wanafunzi wa Kiswahili inafaa iongozwe kwa pamoja na mkutubi na mwalimu wa fasihi, mmoja akieleza mfumo na mwingine akieleza pale mfumo unapotofautiana na taaluma. Pili, maelezo ya tasnifu za Kiswahili katika hazina za vyuo yanafaa yawe na maneno makuu katika umoja na wingi, visawe vya istilahi za nadharia, maumbo mbalimbali ya jina la mtunzi anayechunguzwa, ikisiri ya Kiswahili, na lugha iliyotajwa kwa usahihi. Tatu, tamko la pengo la utafiti lisikubaliwe bila maelezo ya utafutaji: maneno gani yalitumika, katika maumbo gani, katika rafu na hazina zipi. Mtahini anayeuliza maswali hayo hamwonei mtahiniwa. Anatenganisha kisichoandikwa na kisichoonekana.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanafunzi mpya anapotafuta wimbo na kukosa nyimbo, kukosa kwake huonesha ugonjwa ambao wenyeji wa maktaba wameuzoea hata hawauhisi tena. Kumtuma akatafute tena bila kumweleza kiambishi kilichomkwamisha ni kumrudisha mgeni mlangoni, na wenyeji kubaki na ugonjwa wao.